Mlio wa Kumi

Shuleni, Iyunga, Mbeya
Jumapili, 4 Mei 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ugali na maharage ya bweni ni yaleyale, na sweta uliyonifumia imenipa sifa nisizostahili. Wasichana wanataka kujua bibi yangu anafuma kwa bei gani. Nimewaambia huyo hafumi kwa bei, anafuma kwa mjukuu. Asante sana Bibi, huku baridi imeshaanza na mimi sitetemeki.

Sasa nina ombi. Nilikuambia nimejiunga na klabu ya roboti. Tuko watatu: mimi, Goodness anayeiandikia kompyuta maagizo, na Kulwa, Msukuma wa kule Usangu. Baba yake ana ng'ombe wengi mno na yeye anawaogopa, lakini umeme haogopi hata kidogo. Mwalimu wetu ni Mwalimu Andendekisye wa fizikia. Mwezi wa tisa kuna mashindano Iringa mjini, na kila timu inatakiwa iwe na mashine inayowasaidia watu kweli mahali wanapoishi. Wenzetu wengi wanatengeneza za kumwagilia bustani. Tulipoulizwa sisi tunamsaidia nani, nilisimama nikasema: bibi yangu.

Nikawaeleza kwamba kigango chetu hakina kengele, kina ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mkaratusi, na wewe ndiye unayeigonga kwa chuma asubuhi, saa sita na jioni, mwaka wa thelathini na moja huu. Wachuma chai wanatoka kwa ringi hiyo, watoto wanakwenda shule kwa ringi hiyo, hata Walutheri wanabandika sufuria kwa ringi hiyo. Nikawaeleza pia kwamba Krismasi nilikuona unaunyanyua mkono wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto. Ulidhani sikuoni. Nilikuona, Bibi.

Tunataka kukutengenezea mkono mwingine, wa chuma, wenye mota na betri na sola juu ya paa, na saa ndani yake. Utagonga wenyewe, ukungu ushuke usishuke. Wewe utalala.

Niambie tu unagonga mara ngapi. Tatu, tatu na tatu za Malaika wa Bwana nazijua, jumla tisa. Lakini mbona jioni nakumbuka kumi?

Barua nampa kondakta, Filemoni wa pancha ataipokea barabarani. Simu ya matroni ni ya misiba tu.

Mjukuu wako,
Happy

*

Nyololo
11 Mei 2025

Mke mwenzangu Happy,

Tumsifu Yesu Kristu. Barua Filemoni ameileta, ameapa hakuisoma. Alama ya kidole chenye grisi iko ukurasa wa pili.

Nani kakuambia mkono unauma? Haya, unauma. Unauma tangu masika ya mwaka jana, na asubuhi za Juni huwa nakaa kitandani naubembeleza kama mtoto aliyegoma kwenda shule. Sikutaka kusema kwa sababu hapa ukisema unaumwa wanakuletea dawa za kila aina, mpaka mavi ya tembo kutoka Idodi. Lea wa jirani, mtoto wa darasa la sita, yeye nikichelewa kugonga hata dakika tano tu huja mbio: "Bibi, kuna nini?" Ndivyo walivyozoea wote. Ringi ikilia, Leokadia yupo. Isipolia, mlango unajaa watu.

Nimemuuliza katekista Gideon, amekubali. Alitaka kujua tu kama mashine yenu itakuwa inadai posho.

Mjukuu wangu, nimekaa na barua yako jioni nzima. Mimi nilidhani mkisoma sana mnasahau nyumbani. Kumbe wewe umeenda kusimama mbele ya watu wenye akili ukataja mkono wangu mbovu. Asante. Sijui niseme nini zaidi ya asante, basi nairudia, asante.

Andika tisa. Asubuhi tisa, mchana tisa, jioni tisa. Hiyo ya kumi umeiota. Ulikuwa mdogo, na hesabu wakati ule zilikuwa zinakushinda.

Bibi yako,
Leokadia

*

Shuleni, Iyunga
Jumapili, 13 Julai 2025

Bibi,

Shikamoo. Tumefika salama. Kulwa bado anazungumzia viazi vyako, na Goodness anasema hajawahi kulala vizuri kama alivyolala chini ya yale mablanketi yenu matatu. Wote wanakusalimia. Umetulisha wiki nzima, watoto watatu na mwalimu mmoja, na kila asubuhi maji ya moto. Tumekushukuru wakati tunaondoka lakini nikiwa kwenye basi niliona haikutosha.

Siisahau ile Jumamosi ya tarehe tano. Kijiji kizima chini ya mkaratusi, mkono wa chuma ukainuka wenyewe, ukagonga ya kwanza, na wewe ukaficha mdomo kwa khanga. Filemoni naye kusema eti sasa hata mashine zimebatizwa! Nilicheka mpaka nikalia. Kitu kimoja tu sikukielewa. Nilikuambia sasa kile chuma chako cha kugongea ukitupe, wewe ukakiweka nyuma ya mlango.

Sasa sikiliza masharti. Mashine inatakiwa ifanye kazi siku sitini, mpaka tarehe tatu Septemba, bila kukosa na bila kusaidiwa na mtu. Ndani yake kuna kadi inayoandika kila mlio. Ikikosa, tumekosa. Kwa hiyo usiiguse, usiifute vumbi, usiionee huruma. Wewe lala tu.

Niandikie inavyokwenda.

Happy

*

Nyololo
20 Julai 2025

Mke mwenzangu,

Milele amina, maana najua umesahau kusalimia kikristo.

Haijakosa. Juzi baridi ilikuwa kali mpaka majani ya chai yakawa meupe. Mimi niko ndani ya blanketi, mara nikasikia mtu mwingine anafanya kazi yangu. Nikacheka peke yangu gizani. Miaka yote hii sijawahi kuisikia ringi nikiwa nimelala. Ina sauti nzuri, kumbe. Mungu awape nyote watatu maisha marefu na waume wenye akili.

Bega limepoa. Nasonga ugali bila kuguna. Wachuma chai wananipungia mkono wakipita, mmoja amesema roboti ya Leokadia haina mafua wala hasira. Nimemwambia hasira bado ninazo mimi.

Lea siku hizi hapiti. Hana haja, ringi inalia kwa wakati. Nimemkosa kidogo, lakini mtoto anatakiwa awahi shule, siyo kuja kukagua vikongwe. Jioni natembea taratibu mpaka kwenye mkaratusi, nanyoosha miguu, narudi. Basi. Siku imekwisha.

Usiwe na wasiwasi na mimi. Shinda Iringa.

Leokadia

*

29 Julai 2025

Happy wangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Nimesikia kimya chako nikajua uko kwenye majaribio, basi naandika mimi. Nina mafua kidogo. Ukiona mwandiko umepinda ni kwa sababu naandikia magotini, meza ameazima Gideon kwa kikao.

Mashine nzima, haikosi. Niko vizuri. Chai ya hapa haina sukari ya kutosha lakini wanajitahidi.

Soma.

Bibi

*

Nyololo, barabarani
31 Julai 2025

Kwako Happy,

Ni mimi Filemoni, fundi pancha. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa namtongoza mke wangu, na hakujibu, alikuja mwenyewe kuniambia mwandiko ni mbaya. Kwa hiyo utanivumilia.

Bibi yako amenikataza nisikwambie. Matroni wenu nimempigia, amesema utaambiwa mkimaliza majaribio. Kwa mdomo nimewakubalia wote wawili. Kuandika hawakunikataza.

Hana mafua. Yuko hospitali, amevunjika nyonga. Amefanyiwa upasuaji na anaendelea vizuri, hilo lisome mara mbili kabla hujaendelea. Anamgombeza nesi, kwa hiyo yuko vizuri.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na nne. Asubuhi kama saa mbili alikwenda kuwapa nguruwe chakula, akateleza nyuma ya banda. Hakuweza kuinuka. Mvua ile nyembamba ya kwetu inanyesha, watu wako chai, anaita hakuna anayesikia. Saa sita ringi ikalia tisa, safi kabisa. Lea alikuwa anapita njiani kwenda kula, akasema, huyo Bibi, mzima. Mtoto hana kosa, wote tumesema hivyohivyo mioyoni. Zamani ringi ingekaa kimya na sisi tungekuwa mlangoni kwake kabla ya ugali kuiva. Siku ile ililia, na yeye yuko kwenye matope. Tulijua kabisa kwamba ni mashine, lakini masikio yetu yalikuwa hayajajua.

Sasa jioni. Mimi ni Mlutheri, Malaika wa Bwana hainihusu sana, lakini miaka yote nafunga kazi kwa ringi hiyo. Nafunga kwa mlio wa kumi. Ndiyo, wa kumi. Upo. Tisa za sala, kimya kidogo, halafu moja ya peke yake. Mkono wenu wa chuma uligonga tisa tu, lakini kila jioni ya kumi iliendelea kulia. Ilikuwa sauti nyingine, nzito, iliyokaa upande kidogo. Mimi chuma nakijua. Bibi yako alikuwa anakuja na chuma chake chini ya khanga, anagonga moja, anarudi kwake.

Siku ile nilisubiri. Tisa. Kimya. Nina tairi la Fuso mkononi, dereva ananitukana nimalize. Ya kumi haikuja. Nikaliacha tairi palepale nikakimbia, na mimi sijakimbia tangu nioe. Nilimkuta amelowa, midomo imebadilika rangi, akanisalimia, "Kamwene, Filemoni. Umechelewa." Yule dereva mtukanaji ndiye aliyesaidia kumbeba mpaka kwenye gari.

Sikulaumu, binti. Nimeandika kwa sababu mtu anatakiwa ajue kazi yake imefanya nini, hata mimi nikifunga tairi vibaya nataka niambiwe.

Filemoni

*

Shuleni, Iyunga
Jumapili, 3 Agosti 2025

Bibi,

Shikamoo. Usimgombeze Filemoni. Amenifanyia wema kuliko mtu yeyote mwaka huu.

Mafua, Bibi? Mafua! Kutwa nzima kwenye matope, na mashine yangu inawaambia watu kwamba wewe ni mzima. Mimi ndiye niliyeitengeneza idanganye. Goodness anasema hakuna maagizo mabaya ndani yake, yote yamefanya kazi. Hilo ndilo linaloniumiza, Bibi. Yote yamefanya kazi.

Nimemwambia Mwalimu Andendekisye tujitoe. Nitakuja kuishusha kwa mikono yangu na kuitupa korongoni. Mashindano siyataki.

Nisamehe. Naomba unisamehe, halafu uniambie ukweli. Nilikuuliza kuhusu ya kumi ukasema nimeota. Ungeniambia, tungeiweka. Halafu nikiifikiria hiyo naogopa zaidi, kwa sababu tungeiweka kweli, na Filemoni asingekimbia.

Kwa nini ulinificha?

Happy

*

Nyololo, kwa kina Lea
17 Agosti 2025

Mke mwenzangu,

Tumsifu Yesu Kristu. Nimetoka hospitali jana, nina chuma ndani ya nyonga, kwa hiyo sasa tuko ndugu, mimi na mashine yako. Natembelea magongo mawili. Nakaa hapa kwa kina Lea mpaka nipate nguvu, na huyu mtoto ananilisha uji kwa lazima. Analia akikumbuka. Nimemwambia alie akimaliza kuosha vyombo.

Hakuna cha kukusamehe, kwa hiyo hilo tuliache. Nilidanganya mimi. Sikiliza basi, na usimwambie Gideon.

Mume wetu Sedekia, babu yako, alikuwa na shamba lile la bondeni. Akishika jembe husahau dunia. Mimi ugali wangu unapoa, nasimama mlangoni naita, sauti haifiki. Siku moja nimemaliza kugonga Malaika wa Bwana ya jioni, chuma bado kiko mkononi, nikaona acha nimgongee na yeye moja. Akaja. Nikamwambia hiyo ndiyo yako sasa: ukisikia ya kumi, chakula tayari. Tulicheka sana. Padri angejua kwamba naitumia kengele ya Malaika kumwita mwanaume kula, ningefukuzwa.

Alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, nilijaribu kuacha. Jioni ya kwanza nikagonga tisa, nikashindwa kuondoka. Mkono ukagonga wenyewe. Tangu hapo nagonga. Mwaka huu wote bega liliuma kwa ile moja kama kwa zingine, lakini ile sikutaka mtu anisaidie. Mlipokuja na mkono wenu niliwapa tisa kwa moyo mweupe, mtoto wangu, kwa shukrani yote. Moja nikabaki nayo. Niliona aibu kukwambia, mwanamke mzima na mvi zake naita marehemu aje kula.

Mashine usiishushe. Nikuulize, sasa hivi nani angegonga? Mimi na miguu hii? Kijiji kinaamka, watoto wanawahi, na ni kwa sababu yako. Na mwezi wote wa Julai mkono wangu haukuniamsha usiku. Unajua hilo ni zawadi ya namna gani? Ukiitupa korongoni nitatambaa nikaiokote.

Lakini umesema neno la kweli kule mwisho. Mngeiweka ya kumi, Filemoni asingekimbia. Wewe ndiye mwenye akili za kutengeneza, basi tengeneza.

Leokadia

*

Shuleni, Iyunga
Jumapili, 14 Septemba 2025

Bibi yangu,

Tumsifu Yesu Kristu! Leo sikusahau.

Ulituona tulipokuja tarehe thelathini Agosti na kufunga kile kitufe chekundu nyumbani kwako, ukutani karibu na meko, lakini Kulwa anataka maelezo yawepo kwa maandishi ili ukirudi kwako usimsingizie. Ndiyo haya: mashine inagonga tisa zake yenyewe kama zamani. Jioni ikimaliza tisa inasubiri. Wewe, ukiwa jikoni kwako umekaa, unabonyeza, na mkono unagonga ya kumi. Usipobonyeza, hauigongi, hata kesho, hata milele. Goodness ameandika hivyo na amekataa mtu yeyote kubadilisha. Kitufe chenyewe ni kengele ya mlangoni tuliyonunua sokoni Mwanjelwa, Kulwa akaipasua akaifundisha kazi mpya. Gideon atatangaza kanisani: ya kumi isiposikika, mtu aende kwa Leokadia.

Na hapo nina dhambi ya kuungama. Gideon alitaka sababu, akaniuliza ya kumi ni ya nini. Nikamwambia, na Filemoni alikuwa pale. Wanajua yote, Bibi, mpaka ugali. Gideon akasema Malaika hana neno.

Sasa Iringa. Jana tumekuwa wa nne. Jaji mmoja alisoma kadi akakuta siku ya hamsini na sita mashine imeanza kumngoja mtu. Akasema hii si sahihi, masharti yanasema bila kusaidiwa, mlikuwa mmebakiza siku nne tu, kwa nini hamkusubiri? Kulwa ndiye aliyejibu, yule anayeogopa ng'ombe. Akasema, "Tunajua, mheshimiwa. Tisa ni za mashine. Hiyo moja tumemwachia mwenyewe." Wakatukata alama, wakatupa vyeti na kalamu. Nimekutumia kalamu moja, ile yako inapinda mwandiko.

Kwenye basi la kurudi nilidhani nitalia. Sikulia. Tulipita Nyololo, nikauona mkaratusi kwa mbali, nikafikiri tu kwamba wewe upo, unakula uji wa Lea. Asante kwa kubaki, Bibi.

Happy

*

Nyololo, kwangu
21 Septemba 2025

Mke mwenzangu Happy,

Tumsifu Yesu Kristu. Naandika kwa kalamu ya Iringa, na mezani, meza ya kweli safari hii.

Wa nne! Mimi nilisoma mpaka darasa la saba sikuwahi kuwa wa nne. Mwambie Kulwa nimeweka debe la viazi lake. Mwambie Goodness kofia ninayomfumia inakaribia kwisha.

Jana nimerudi kwangu. Lea alinibebea vitu, akaniwashia moto, nikamfukuza aende kwao, nilitaka niwe peke yangu jioni ya kwanza. Nikasonga ugali mdogo, wa mtu mmoja. Mashine ikagonga, tatu, tatu, tatu. Nikasali. Halafu kimya, ile inanisubiri.

Nikwambie ukweli, niliogopa kitufe. Niliona kama watu wote wananisikiliza na wote wanajua, na aibu ikanishika. Nikasema moyoni, Sedekia, hii leo ni kwa ajili ya hawa watoto wasihangaike, wewe kaa tu. Nikabonyeza. Ikalia. Haikuwa na ule upande wa mkono wangu, ilikuwa imenyooka, lakini ilikuwa ya kumi.

Nikainama kupakua. Mara mlangoni, hodi. Filemoni! Mikono amenawa mpaka viwikoni, sijawahi kuiona rangi yake. Nikamwambia, kuna nini, nimebonyeza, mimi mzima. Akasema, "Najua. Nimesikia chakula tayari."

Sijajibu, Lea huyo, na bakuli la maharage chini ya khanga. Nyuma yake mama yake. Halafu Gideon na mkewe, wamebeba kuku mzima, eti walikuwa wanapita. Wanapita wapi na kuku? Wakakaa. Ugali wangu wa mtu mmoja tukaukata vipande sita, ukaisha kabla ya sala, ikabidi Lea asonge mwingine. Filemoni amekula vibaya sana na amesema kesho atakuja tena.

Happy, miaka kumi na moja nimeita kila jioni na hakuna aliyekuja, wala sikutegemea aje. Jana nimeita wamekuja watano. Walipoondoka nilikaa nikalia, lakini usinihesabie, kilikuwa kilio cha shibe.

Mungu akubariki, mtoto wangu, na mikono yako.

Desemba ukija, pitia sokoni Mwanjelwa uniletee sufuria. Hii yangu haitoshi tena, chukua kubwa.

Bibi yako,
Leokadia